Chai ya Saa Nne

Vibarua wanne walikuwa wameshainua kifuniko cha kwanza cha zege pale Selpher alipotua sufuria yake ukingoni mwa mtaro mpya wa Dagoretti Corner, akasema, "Ngojeni kidogo. Huu mtaro unarudisha maji."

Msimamizi, aliyekuwa amesimama ndani ya mtaro, akacheka. "Mama chai, siku hizi umekuwa injinia?"

"Mimi naosha vikombe tu, mkubwa. Lakini kila nikimwaga maji hapa, yanarudi nyuma. Na nyumba yangu ndiyo hiyo hapo nyuma yako. Mvua ikija, watoto nitawalaza wapi?"

"Pimamaji imesema mtaro uko sawa." Akawageukia vibarua. "Haya, funikeni."

Selpher hakubishana tena. Aliinua sufuria, chai ya watu ishirini, akaimwaga yote mtaroni.

"Ai, mama," kibarua mmoja akalalamika. "Sasa sisi tutakunywa nini?"

Chai ilikwenda hatua mbili upande wa mto, kama mtaro ulivyotakiwa kuipeleka, kisha ikasita, povu likazunguka mahali pamoja. Halafu majani meusi yakaanza kurudi polepole, yakampita Selpher, yakaja kunata kwenye buti za msimamizi.

Msimamizi akainama kuyatazama. Vibarua walikuwa bado wamekishikilia kifuniko.

"Tuteremshe, mkubwa?"

"Wekeni kando," akasema. "Mniletee nyundo, ile kubwa."