Ganda Chini ya Mrehani

Alamelu aliinama kumwagilia mrehani mtakatifu katikati ya ua wa nyumba mpya ya mwanawe, iliyojengwa kwa mtindo wa mababu. Akaokota ganda la yai.

Yai! Kwenye nyumba ya Kibrahmani, watu wasiogusa nyama wala mayai, ambamo hata harufu ya samaki haijawahi kuingia.

Akautazama ukuta wa chokaa uliong'aa kama kioo. Mafundi wa zamani walitia ute wa yai ndani ya chokaa ili ing'ae hivyo. Akausogelea, akaunusa, kisha akamgeukia fundi aliyekuwa akimalizia kazi uani.

"We fundi! Umenipakia mayai ukutani? Humu nitalalaje mimi?"

"Mama, naapa. Ni chokaa, mchanga na maji ya sukari guru. Mwanao alinionya tangu siku ya kwanza."

"Na hili limeota hapa?"

Fundi akalipokea, akaligeuzageuza juani. Kwa ndani palikuwa pameganda kipande cheupe, kigumu.

"Mama," akasema taratibu, "ute wa ukutani hutiwa mbichi. Hili yai lilichemshwa."

Mwana wa Alamelu, aliyekuwa pembeni akiisifia mifereji yake ya kuvuna maji ya mvua, akajifanya kutazama kama mvua inakuja. Akainua macho mbinguni, na wingu halikuwepo hata moja.

Alamelu, pua ingali na doa la chokaa, akamsogelea.

"Hebu pumua."