Nukta ya Kumi na Mbili

Babu alikaa kitako kati ya tuta la tatu na la nne, akakataa katakata kuondoka.

"Babu, naomba unipishe," alisema mpima udongo, binti mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake. Mkononi alishika chuma kirefu cha kutobolea ardhi. "Nukta yangu ya kumi na mbili iko hapo ulipokalia."

"Hapa udongo umechoka, mwanangu. Toboa pale kwenye kisiki."

"Ramani haichagui, babu. Kila hatua thelathini nachukua udongo, na ya thelathini imeangukia chini yako."

"Baba watoto!" mkewe alipaza sauti kutoka ukingoni mwa shamba. "Inuka bwana, mwache mtoto wa watu afanye kazi! Au umeatamia mayai?"

Babu akainuka shingo upande. Chuma kikazama ardhini, na moyo wake ukazama nacho.

"Na kule nyuma ya mihogo usijisumbue, mwanangu," bibi aliongeza. "Siafu watakumaliza."

"Nina mabuti, bibi." Akaenda.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mashamba yote ya upande ule yalikuwa yanapimwa, ijulikane ardhi ipi imeingiwa na chumvi na ipi ina uchachu uliopita kiasi. Shamba likitoka kijani tupu kwenye ramani, mwenyewe anapewa miche mia mbili ya michungwa. Likitoka na doa moja tu jekundu lisiloeleweka, basi tena, miche inakwenda kwa mwingine. Babu na mkewe walikuwa wameingoja miche hiyo misimu mitatu. Hata mbolea walishairundika.

Lakini kilichomkaba babu roho kilikuwa kingine. Miezi minane nyuma, daktari alimpiga marufuku chumvi kwa sababu ya presha. Siku ileile mkewe alikusanya chumvi yote ya jikoni, akaigawa kwa majirani, akaapa: "Usipokula wewe, na mimi sili. Miaka arobaini tumekula sahani moja, nitakuacha leo?" Na kweli, tangu hapo mama wa watu alitafuna maharage ya chukuchuku huku anatabasamu, wala hakunung'unika hata siku moja. Babu kila akimtazama, aibu inamtafuna yeye.

Maana yeye alivumilia siku nne. Ya tano alinunua pakiti, akaimimina kwenye kopo kuukuu, akalifukia shambani. Kila alasiri akawa anaaga kwamba anakwenda kutega fuko, na mfukoni ana yai la kuchemsha.

Barazani, binti alipanga vikombe vya plastiki mstari mmoja. Kila kikombe kijiko cha udongo, maji safi ya chupa, koroga, ngoja utulie. Kisha anachovya vimashine vyake viwili vinavyofanana na kalamu, kimoja cha uchachu, kimoja cha chumvi. Namba zikitoka, anapaka rangi kwenye ramani. Kijani. Kijani. Kijani. Bibi alikuwa ameshaanza kugawa machungwa kwa wajukuu.

Kikombe cha kumi na mbili kikamkunja binti uso. Akakoroga upya, akachovya upya.

"Chumvi," alisema. "Tena si kidogo. Ikiwa inapanda kutoka chini namna hii, itasambaa. Samahanini wazazi wangu, miche siwezi kuwaandikia."

Bibi akashika shavu. Machungwa ya wajukuu yote yakayeyuka mbele ya macho yake, na babu akayaona yakiyeyuka.

Hilo hakuliweza.

"Si ardhi, mwanangu," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote. Kopo, yai, na fuko ambaye hajawahi kuzaliwa. Akaenda mbio kwa kadiri ya miaka yake, akarudi na kopo lenyewe, limeliwa na kutu hadi kitako kimebaki wavu. Mvua zilikuwa zimefanya kazi yake.

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi hii naifuta. Nitatoboa upya mbali kidogo na... na jiko lako, babu."

Babu hakucheka. Aliinamisha kichwa kungoja maneno ya mkewe, ambayo siku za kawaida yangejaza gunia na mengine yakabaki. Maneno hayakuja. Bibi alikuwa anakwaruza sakafu kwa kidole gumba cha mguu. Nimemvunja moyo, babu alijisemea. Miezi minane anakula majani kama mbuzi kwa ajili yangu, na mimi nakula mayai.

"Mama watoto, nitukane basi," alimbembeleza. "Nitukane nipumue."

"Sina neno," bibi alijibu kwa sauti ndogo.

Binti akaendelea na vikombe vyake. Kijani, kijani, kijani, mpaka cha ishirini na moja. Hapo kicheko kilimwisha.

"Babu, na huku nyuma ya mihogo? Hapa pia pekundu. Tena hapa sielewi kabisa, chumvi ni nyingi, na uchachu umepanda juu yake. Udongo wa namna hii sijawahi kuupima. Ulifukia na huku?"

"Haki ya Mungu, langu ni moja!" Babu alisimama. "Sijui kitu huko. Mama watoto, niamini, safari hii sidanganyi!"

Binti akainua kalamu nyekundu.

"Ngoja, mwanangu," alisema bibi, akijifunga kanga upya kiunoni bila kumtazama mtu. "Hilo ni langu. Mimi yangu naitia na ndimu."