Hilali Nyekundu Juu ya Paa

"Ikoleze, Ami. Rubani aione hata akiwa anasinzia."

Abu Dahham alitamani kummwagia muuguzi yule kopo zima la rangi. Alikuwa amepiga magoti juu ya paa la shule ya zamani iliyogeuzwa hospitali, anachora hilali nyekundu pana kama trekta. Kabla ya vita mji mzima wa Idlib ulimjua kwa vibao vya maduka: mchinjaji, kinyozi, muuza halawa. Leo alikuwa anaandika tangazo la kifo.

"Rudayna, binti yangu, mmerogwa nyinyi?" alifoka. "Hospitali ya sokoni mlichora alama, ikapigwa. Ya bondeni mkachora tena, na ramani mkawapelekea wakubwa wa ng'ambo, eti wawaambie wenye ndege wasiiguse. Haikumaliza wiki! Mwanangu Dahham alifia mle, dripu ingali mkononi. Hamkomi tu?"

"Ramani ya hapa nimeshaituma," Rudayna alijibu. "Jana."

Mzee akaichovya brashi koponi kwa nguvu. Alfajiri gari la wagonjwa lilikuwa limemchukua Sawsan, mjane wa Dahham, kutoka kwenye mahema, mtoto amekaa vibaya tumboni na damu inamtoka. Yeye aliletwa baadaye kwa pikipiki, na rangi zake. Kilichokuwa tumboni mwa yule binti ndicho pekee alichobakiwa nacho cha mwanawe.

"Nataka kumwona mkwe wangu."

"Daktari anampasua sasa hivi. Na wodi ya wazazi wanaume hawaingii, unajua mwenyewe."

"Basi akimaliza mtoeni hapa! Mpelekeni hata zizini!"

"Chora, Ami. Mawingu yanaachana."

Akachora, maana yeye ndiye aliyemhitaji daktari, na mwenye shida hachagui. Rudayna alishuka uani, akaanika mashuka meupe kamba nzima, halafu akachochea jiko mpaka moshi ukapanda wima. Langoni kulikuwa na gari bovu la wagonjwa, limeoshwa likang'aa, limewekwa mahali ambapo hata kipofu angelikwaa. Abu Dahham alisonya. Watu waliosoma, wana vyeti, na akili za kuku.

"Mwizi huonyeshwa mlango?" alipiga kelele kutoka juu. "Damu ya mjukuu wangu itakuwa shingoni mwako!"

Macho ya Rudayna yalikuwa mekundu, na kamba aliifunga kwa nguvu kama anamnyonga mtu.

Redio ya mkononi ikakoroma kiunoni mwake. Ilikuwa sauti ya mlinzi wa mlimani: "Ndege imeruka. Inakuja upande wenu."

"Shuka, Ami! Pikipiki iko nyuma. Twende!"

"Twende wapi? Sawsan yumo humu!"

Mzee alishuka ngazi kwa mbio ambazo hakujua kama bado anazo. Rudayna alimshika kanzu, mzee akamsukuma kando. Akafika kwenye mlango wenye maandishi ya wodi ya wazazi, mahali ambapo katika maisha yake yote hakuna mwanamume wa kwao aliyethubutu kupita, akaupiga teke.

"Sawsan! Nisamehe mwanangu, amka, tunapigwa!"

Vitanda vyote vilikuwa vimejaa. Wagonjwa walikuwa wamejifunika blanketi gubigubi, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nje, mngurumo ulikuwa umeanza kusikika. Alivuta blanketi la kwanza.

Majani makavu.

Akavuta la pili. Majani makavu, yamefungwa ushungi.

Rudayna alikuwa amesimama mlangoni, anahema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anacheka, kicheko kibaya, chenye machozi.

"Sawsan yuko pangoni, ng'ambo ya kilima, na daktari wake na wagonjwa wenzake wote," alisema. "Sasa kimbia, Ami. Tuwaachie hospitali yao."