Chai ya Haruna

Kila jioni Swaumu alimpokea mumewe kwa kumshika mikono yote miwili na kuvipapasa vidole kimoja kimoja. Haruna alidhani ni mapenzi ya uzeeni. Kumbe mwenzake alikuwa anakagua kama vyote vimerudi.

Haruna alikuwa fundi wa msumeno wa umeme kwenye karakana ya mbao nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Tangu amzike kaka yake, akirudi nyumbani Magomeni aligeukia ukuta. Hali, hanywi, halali. Swaumu akamburuta mpaka kliniki. Daktari akasema ni sonona, akamwandikia vidonge. Walipotoka tu getini, Haruna akamtupia mkewe pakiti.

"Mimi si chizi, Mama Moza."

Swaumu hakubishana. Alishachoka kubishana na mgongo wa mtu. Alfajiri iliyofuata alisaga kidonge, akakikoroga kwenye chupa ya chai aliyomfungashia kazini, akazidisha sukari na tangawizi kuua uchungu. Nesi alikuwa amemwambia: "Ameze usiku, mama. Vinalegeza mwili, na asiguse mashine." Lakini usiku Haruna hakuwa anatia kitu mdomoni. Sasa afanyeje? Amwache afe kwa huzuni na vidole vyake kumi?

Siku hiyo chupa ilirudi tupu.

"Leo tangawizi umemwaga gunia?" Haruna aliuliza.

"Inafukuza mafua."

Hakulalamika tena, na chupa ikaendelea kurudi tupu.

Wiki zikapita, Haruna akaanza kuwa mtu tena. Alimaliza ugali. Alilala mpaka adhana. Jioni moja alicheka hadi machozi akisimulia habari za Abbasi, mwenzake wa kupokezana msumeno.

"Anasinzia wima! Tunamwambia, bwana, utamu wa mke mpya huo."

"Na wewe husinzii?"

"Mimi nisinzie nina nini?"

Swaumu alishusha pumzi, ila hofu haikumwachia. Alimwomba ahamie upande wa kupaka rangi. Haruna akakataa, rangi ni kazi ya wanaoanza, akasema, na Swaumu hakuwa na sababu anayoweza kuitaja mbele yake. Kumbe kumtibu mume kwa siri kunachosha kuliko kumuuguza hadharani. Usiku sasa aliyekuwa hapati usingizi ni yeye.

Asubuhi moja simu iliita. Alikuwa fundi mmoja wa pale karakana.

"Shemeji, msumeno umeleta balaa. Njoo hospitali haraka."

Simu ikakatika. Swaumu alitoka na khanga ya jikoni, ndala za watu wawili tofauti miguuni. Njia nzima alijilaani. Nimemkata mimi, alijiambia. Nimemkata kwa mkono wangu mwenyewe.

Alimkuta Haruna kwenye benchi la mapokezi, shati limelowa damu. Alimrukia, akamgeuza huku na huku. Alikuwa mzima.

"Si damu yangu," Haruna alisema. "Ni ya Abbasi. Amesinzia msumeno unazunguka. Mkono wa kulia, Mama Moza. Wote."

Swaumu alilia. Alimlilia Abbasi kwa dhati, na katikati ya kilio hicho, Mungu amsamehe, alikuwa anashukuru. Akaapa moyoni kwamba hatasaga tena kidonge maishani mwake.

"Twende nyumbani ubadilishe shati," alisema akijifuta uso. "Nikupikie chai. Safari hii sitii tangawizi."

Haruna aliinamisha kichwa.

"Usinikasirikie, mke wangu. Chai yako ilinishinda tangu siku ile ya kwanza, nikaogopa kukuvunja moyo. Aliyekuwa anamaliza chupa ni Abbasi."