Asilimia Arobaini na Moja

"Arobaini na moja," alisema Elias, akaufunga utepe wake wa kupimia.

Bibi Tadea hakuuliza arobaini na moja ya nini. Tangu asubuhi alikuwa amesimama pembezoni mwa lililokuwa shamba lake, akiwatazama wapimaji wa idara ya misitu wakiizungushia miti utepe kwenye kimo cha kifua na kuiita kwa namba.

"Ni asilimia, Bibi. Tunaulinganisha msitu huu wako na ule ambao haujapata kuguswa. Ungefika hamsini, tungeuacha uendelee kuota wenyewe. Haukufika. Jumatatu utafyekwa, ipandwe misindano ya mbao."

"Miaka kumi na minane shemeji yangu analima magugu," alidakia Pankras, mdogo wa marehemu mumewe, "na hata mtihani wa magugu ameufeli!"

Wapimaji walicheka. Tadea hakucheka, wala hakukasirika. Miaka kumi na minane iliyopita aliwazika wanawe wawili katika juma moja. Waliacha mahindi yamefika magotini katika shamba lile. Hakuyapalilia, hakuyavuna, na tangu siku ile hakuruhusu jembe la mtu yeyote liingie humo. Kilichoota kiliota. Sasa majembe yangeingia Jumatatu, naye aliyatafuta machozi ndani yake kama mtu apapasavyo mfuko anaojua kuwa ni mtupu.

Elias alimwonea huruma.

"Twende, Bibi, nikuonyeshe msitu wenyewe tunaoulinganishia. Ukiuona utakubali kwamba hatukukuonea."

Gari liliwapeleka hadi ng'ambo ya bonde, upande ambao Tadea hakuwa amekanyaga tangu aolewe. Huko miti ilikuwa imeziba jua, na mashina yake mtu mmoja asingeweza kuyakumbatia mikono ikakutana. Elias alishusha sauti kama aliyeingia kanisani.

"Huu ndio mia kwa mia, Bibi. Tangu dunia iumbwe haujaonja shoka wala jembe. Ndivyo ilivyoandikwa katika jalada letu."

Tadea alitangulia mbele, akatembea bila kutazama chini, akishuka na kupanda, akishuka na kupanda, kwa hatua zilizolingana. Nyuma yake Elias alijikwaa mara ya kwanza, akajikwaa ya pili, na mara ya tatu akatumbukia hadi magotini katika majani makavu.

"Nguruwe wa huku wana kazi!" alihema. "Msitu mzima wameutoboa mashimo."

Mwanamke yule mzee alikuwa amekwisha kuketi, mgongo ameuegemeza kwenye shina nene, macho yake makavu kama yalivyokuwa asubuhi.

"Nguruwe hachimbi kwa mistari, mjukuu wangu. Haya ni ngolo, mashimo ya mashamba yetu ya mlimani. Hilo ulilotumbukia nililichimba mimi na mama, tukapanda maharage, mwaka niliopata kipaimara."