Bibi Fundi Anagawa

"Nipandishe tena, mwanangu. Sitaki kugawa mali yangu nikiwa nimelala kama mzigo."

Kijiti akapitisha mikono chini ya makwapa ya mgonjwa, akamvuta juu, akamwongezea mto wa tatu mgongoni. Alifanya hivyo bila kuhema. Aliletwa nyumba hii utotoni, mama yake alipofariki, mwembamba hata Bibi Fundi akampa jina hilo. Sasa alikuwa na mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na mvi mbili tatu, lakini jina halikukua naye.

Chumba kilijaa watu ambao mwaka mzima hawakujua hata mlango unafungukia upande gani. Mtoto wa pekee wa Bibi Fundi, mwanamume wa tumbo na simu mbili, aliegemea kabati. Rafiki wa mgonjwa wa tangu usichana alikaa ukingoni mwa kitanda, leso mkononi, macho makavu. Mzee wa kanisa na mlezi wa kituo cha yatima walibanana kwenye benchi. Kiti chenye mto alipewa mdogo wake Bibi Fundi, mwanamke wa miguu iliyovimba, aliyekuja na mkongojo na malalamiko.

Kijiti alisimama kichwani pa kitanda. Wengine walikuwa na matumaini. Yeye alikuwa na ahadi. Zamani kidogo, kinyozi wa mtaa wa pili alipotaka kumwoa, Bibi Fundi alilia wiki nzima, kisha akamwambia, "Nani atanigeuza usiku? Subiri, mwanangu. Siku ya kugawa sitakusahau, naapa."

Kinyozi akaoa kwingine. Kijiti akajikaza, akaendelea kufua mashuka. Alichokitaka hakikuwa kikubwa: chumba cha uani, kile chenye mlango wa barabarani. Angeweka meza, ashone sare za shule, alale mpaka asubuhi bila kuitwa. Pazia alikwisha kulishona. Lilikuwa chini ya godoro lake, limekunjwa vizuri.

"Nyumba," Bibi Fundi alianza, "ni ya mwanangu wa kuzaa. Paa nimebadilisha juzi tu, halivuji."

Mwana akainua macho, akakagua dari kutoka pembe hadi pembe.

"Cherehani yangu, rafiki yangu, chukua wewe. Ni ya zamani, lakini haijawahi kunisumbua. Itie mafuta tu."

Rafiki alikuwa amekwishainuka. Alizungusha gurudumu, akatega sikio, akaridhika.

Hiyo ilimchoma Kijiti, maana magauni ya miaka ya karibuni yote yalipita mikononi mwake kwenye cherehani ileile. Lakini akajiambia, potelea mbali, cherehani hata ya kukodi ipo. Kikubwa ni chumba.

"Vitambaa na viti vya dukani viende kanisani. Viti ni imara, hata mnene akae bila hofu."

Mzee wa kanisa akacheka kwa adabu, kisha akakitikisa kimoja kilichokuwa pembeni, kuhakikisha.

"Chumba cha uani..." Bibi Fundi akakohoa. Kijiti akamwinamia na kikombe cha maji. "Chumba cha uani kikodishwe, kodi iende kwa yatima. Mungu anajua, yatima nimewahurumia maisha yangu yote."

"Mungu akulipe, Mama," mlezi wa kituo akasema. "Ufunguo anao nani?"

Alikuwa nao Kijiti, ameufunga kwenye pindo la nguo. Alihangaika na fundo lile muda mrefu kuliko lilivyostahili. Alitaka kuuliza, lakini utamuulizaje mgonjwa mahututi jambo kama hilo, tena mbele za watu? Akautoa ufunguo.

Mdogo mtu akagonga mkongojo sakafuni. "Na mimi, dada? Umewapa wote, mimi umeniruka. Naishi peke yangu, miguu ndiyo hii, hata maji sina wa kunichotea!"

"Tulia. Cha thamani kuliko vyote nimekiweka mwisho." Kwa mara ya kwanza siku ile, Bibi Fundi akageuza shingo kumtazama Kijiti. Akampapasa mkono. "Nilikuahidi sitakusahau. Sikusema?"

"Ulisema, Mama."

Joto likamrudia Kijiti mwilini. Akafikiria akiba ya benki, kiwanja, chochote kile. Akamsamehe Bibi Fundi habari ya chumba papo hapo, na cherehani pia, na kinyozi pia. Machozi yakamtoka. Katika chumba kizima, ni yeye peke yake aliyelia.

Bibi Fundi akamwachia mkono, akamgeukia mdogo wake.

"Hajawahi kuugua," akasema. "Hali chakula kingi, hajibu, na usiku ukimwita mara moja tu ameshaamka. Mshahara hajauzoea, usimzoeze. Ni wako."

Mdogo mtu akamvuta Kijiti karibu, akaugeuza mkono wake juu chini, akakitazama kiganja, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Na kupika je," akauliza, "anajua?"