Walionunua Hiki Walinunua na Hiki

Mteja aliyeagiza vijiko vya mpira laini alikuwa mume wake.

Kwenye kioo cha kompyuta alijiita Mpita Njia, lakini namba ya simu ilikuwa ileile ambayo mke aliihifadhi kichwani miaka yote minane ya ndoa. Aliisoma tarakimu moja moja, kama mtu anayehesabu meno yake baada ya kuanguka.

Kazi ya mke katika duka moja la mtandaoni ilikuwa hiyo: mtu akishaagiza, yeye humwandikia na kumshawishi aongeze kinachoendana na alichonunua. Wa sufuria, mfuniko. Wa viatu, dawa ya viatu. Wateja hawakumjua jina wala sura. Kwao alikuwa Dawati la Nne, na kapicha ka kikapu kinachotabasamu.

Akaandika: "Habari, mteja wetu. Walionunua vijiko hivi walinunua na vitambaa vya kufunga shingoni wakati wa kulishwa. Tukuwekee?"

Jibu halikuchelewa. "Weka vinne. Anamwaga sana."

Akaigusa tena ile namba ya simu kwenye kioo kwa kidole. Miaka minane walikuwa wamemsubiri mtu wa kumwaga uji nyumbani kwao, na hakuja. Kumbe alikwenda nyumba nyingine.

Jirani yake wa dawati la tano, mama wa makamo waliyemwita Bibi Punguzo kwa kuwa hakuwahi kununua hata kitana kwa bei kamili, alinyoosha shingo akasoma.

"Ni wa nyumbani huyo?"

"Ni yeye."

"Usimfokee, mwanangu. Muuzie. Mtu hufunga mdomo, kikapu chake kikaropoka."

Akamuuzia. Jumatatu, shuka la plastiki la kulinda godoro. Jumanne, kikombe chenye mdomo, maana "maji yanampalia". Alhamisi, pauda na mafuta ya kupaka, kwa kuwa "ngozi yake laini mno, haikawii kuchubuka". Vyote alisema atakuja kuvichukua mwenyewe kwenye kituo cha mizigo, visipelekwe popote. Na kila mara alianza vilevile: "Niunganishe na Dawati la Nne tu. Yule tunaelewana."

"Makubwa!" alisema Bibi Punguzo. "Mwizi anamwuliza mwenye nyumba njia."

Alhamisi hiyo mume, aliyekuwa fundi wa majokofu, alirudi jua halijazama. Badala ya harufu ya gesi na grisi, alileta harufu nyingine kabisa.

"Unanukia vizuri," mke alimwambia akimwekea sahani. "Majokofu ya siku hizi yanapakwa pauda?"

Mume akacheka kicheko cha midomo tu. Akashika kijiko, akakiweka chini.

"Kuna jambo, mke wangu. Ila nikikuambia utakasirika."

"Basi usiniambie."

Hakumwambia. Alikula akimtupia jicho kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo kabla ya kuvuka. Alipokwenda kuoga, mke alilikung'uta koti lake. Hakuna barua, hakuna picha. Begani tu palikuwa na unywele mmoja, mwepesi kama uzi wa buibui. Alikaa kitandani akiushika kwa ncha za vidole, akiwaza kichwa kilicholala pale begani, na mikono iliyokipokea.

Wa kumkimbilia hakuwa naye. Mama yake alikuwa kaburini, na waliobaki kwao aliwafungia mlango siku ileile ya mazishi, akaapa majina yao yasitajwe mbele yake maisha. Mume aliuheshimu mwiko huo. Hakuuvunja hata mara moja. Zamani mke alimsifu kwa hilo. Sasa alijiuliza, mtu anayejua kunyamaza namna ile, amenyamazia mangapi?

Ijumaa alifika kazini na begi la nguo. Alilisukuma chini ya meza kwa mguu.

"Unakwenda wapi?" Bibi Punguzo aliuliza.

"Kokote. Namtaka atamke mwenyewe, halafu nyumbani hanioni tena."

Saa nne asubuhi kioo kikalia. Mpita Njia. Taulo laini za kufutia, pakiti tatu. Naomba Dawati la Nne.

Mke hakusalimia. Aliandika: "Walionunua hizi walinunua na nepi. Tukuwekee?"

Vile vinukta vya mtu anayeandika vikacheza, vikakoma, vikacheza tena.

"Ndiyo. Wiki nzima nimengoja uniulize hilo."

Bibi Punguzo akamshika bega. "Muulize uzito. Saizi ya nepi ndiyo itakayokwambia alianza lini kukuzunguka."

Machozi yalishafika, ila vidole vilijua kazi yake. "Mtoto ana kilo ngapi, mteja wetu?"

Kwenye madawati mengine watu waliendelea kuuza mifuniko na dawa za viatu. Kisha maneno yakaja yote kwa pamoja.

"Kilo arobaini na nane. Baba yako amekwisha, mke wangu, na kila nikifungua mlango anadhani ni wewe."